Chakula cha harusi na kuwaaga maharusi: panga kuanzia mwisho

Swali: Ndoa yetu inafungwa miezi mitano ijayo, saa tisa alasiri, na tafrija ni jioni hiyo hiyo. Wageni ni kama 200. Sitaki bafe ambayo watu wanasimama foleni saa nzima, wala sitaki tuondoke ukumbini kimyakimya wakati nusu ya wageni wameshakwenda zao. Tena upande wa mwenzangu wengi hawali nyama, na upande wetu mtu asipoona nyama anasema hajala. Nipe mawazo ya chakula na ya namna ya kuagwa, mambo ambayo watu watayakumbuka bila kutumaliza mfukoni.

Jibu: Hongera sana, bibi harusi mtarajiwa. Umeuliza mambo mawili, lakini nitayajibu kama jambo moja, kwa sababu ukumbini huwa ni jambo moja. Mgeni aliyekula saa nne usiku hana nguvu ya kusimama nje akuimbie. Mgeni aliyeshiba mapema, halafu hakuna tena anachokisubiri, huchukua mkoba wake akatoka kimya kimya. Ukiona maharusi wanaagwa na watu ishirini, kosa lilianzia jikoni saa tatu kabla. Kwa hiyo ratiba yako usiianzie kwa mapokezi. Ianzie pale mnapopanda gari, kisha urudi nyuma.

Tuseme mnataka kuondoka saa nne kamili usiku. Watu 200 hawatoki ukumbini kwa dakika tano. Kuna wazee wa kushikwa mkono, kuna watoto waliolala kwenye viti, kuna mwenye kutafuta shali yake. Wape dakika ishirini, yaani mshereheshaji atangaze saa tatu na dakika arobaini. Kabla ya tangazo hilo, kuanzia kama saa tatu na robo, kitoke kitafunwa cha mwisho, ambacho nitakieleza chini. Keki ikatwe saa mbili na nusu, mara tu baada ya chakula, lakini vipande visigawiwe hapo hapo. Wageni wengi, hasa watu wazima, husubiri keki ikatwe ndipo waone ni adabu kuondoka. Wakijua kipande chao kinakuja baadaye na kinywaji cha moto, watakaa. Chakula chenyewe kianze saa moja na nusu, na saa mbili na robo kila mtu awe ameshakula. Hapo ndipo penye kazi.

Foleni unayoichukia ni hesabu tu, na unaweza kuifanya mwenyewe. Simama siku moja kwenye bafe yoyote, uangalie chombo cha mwisho. Mgeni mmoja hukipita kila baada ya sekunde kumi na tano hivi, kwa hiyo wanne kwa dakika. Wageni 200 kwenye mstari mmoja ni dakika hamsini, na meza ya mwisho inaitwa wakati ya kwanza inataka kuongeza. Ukiweka meza mbili za chakula, kila moja ikipakuliwa pande zote mbili, una mistari minne, na hesabu inashuka hadi dakika kumi na tatu. Kwa kuwa watu husalimiana njiani, sema ishirini. Gharama iliyoongezeka ni vyombo na miiko tu, chakula ni kile kile. Mwambie mpishi wako hivi: nataka seti nne kamili, zinazofanana, na hakuna mgeni atakayelazimika kuvuka upande wa pili kufuata mchuzi.

Hata hivyo, kwa harusi yenu ningechagua kitu kingine kabisa: chakula kiletwe mezani kwenye masinia na mabakuli, watu wapakuliane. Meza ya watu wanane inapewa sinia la wali katikati, bakuli tatu za mboga na mchuzi, sahani ya mikate, na bakuli la nyama lenye mwiko wake. Foleni inakufa. Na kuna jambo jingine linalotokea hapo ambalo bafe hailiwezi: shangazi yako anamsogezea bakuli mjomba wa mwenzako ambaye hajawahi kusema naye, anamuuliza kama aongeze, na mazungumzo yameanza. Kwa familia mbili zinazokutana ukubwani, sijaona njia iliyo nzuri kuliko hiyo. Masharti yake ni mawili. Maua na mishumaa mirefu itoke katikati ya meza, maana nafasi hiyo ni ya sinia. Pili, wahudumu wawe wa kutosha, angalau mmoja kwa meza mbili, ili meza zote zipate chakula ndani ya robo saa.

Sasa suala la nyama. Watu wengi hulitatua kwa kuweka meza ndogo pembeni iliyoandikwa "wasiokula nyama", yenye saladi na viazi vilivyopoa. Naomba usifanye hivyo. Upande mzima wa ukoo utajiona umealikwa kwa huruma. Geuza mpango: vyakula vikuu vya meza viwe vya mboga, na viwe vitamu kiasi cha kila mtu kuvitaka. Dengu zilizoungwa vizuri, uyoga uliokaangwa hadi ukakauka pembeni, maharage mazito, biringani iliyochomwa, mboga za majani zilizopikwa dakika za mwisho zikiwa bado kijani. Kisha nyama ije kama chakula kimoja kilichotengenezwa kwa heshima, choma au mchuzi mzito, kwenye chombo chake. Wenu watakula nyama yao na wataomba dengu. Wa mwenzako watakula kila kitu isipokuwa bakuli moja.

Lakini kwanza ulizeni "hawali nyama" maana yake nini kwao. Wapo wanaokula samaki, wapo wasiogusa mayai, wapo wasiotumia hata maziwa. Na mwambie mpishi waziwazi kuwa wali usipikwe kwa supu ya mifupa, mboga zisiungwe kwa mafuta ya nyama, na viazi visikaangwe kwenye mafuta yaliyokaangia kuku. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoharibu mara nyingi, na mpishi hufanya bila nia mbaya, ni mazoea ya jikoni. Kwenye kadi ya mwaliko ulizeni pia kuhusu mzio: karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki, ngano. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, anayeuza chakula analazimika kutaja vitu 14 vinavyoleta mzio. Hata pale ambapo sheria haidai, kikaratasi kidogo mbele ya kila bakuli kinachosema kuna nini ndani ni adabu kwa mgeni.

Ubunifu uko wapi basi? Watu hukimbilia mapambo: matunda yaliyochongwa, chemchemi ya chokoleti, taa chini ya meza. Vinapendeza kwenye picha, lakini mgeni husimulia kile kilichokuwa na hadithi. Chagueni chakula kimoja kinachopikwa nyumbani kwenu, kimoja cha nyumbani kwa mwenzako, na kimoja mlichokipika pamoja mkiwa wachumba, hata kama ni cha kawaida sana. Viandikieni sentensi mbili kila kimoja kwenye kadi ya meza: nani alikuwa anakipika, siku gani. Mama mkwe akiona mapishi ya mama yake yameandikwa pale, hutahitaji chemchemi ya chokoleti.

Tahadhari moja kubwa kwenye mapishi ya bibi. Yaliyopimwa kwa watu wanane hayazidishwi kwa ishirini na tano yakatoka vile vile. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kulinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo maji ukiyazidisha sawasawa, wali unakuwa ubwabwa na mchuzi unakuwa supu. Chumvi, pilipili na viungo vikali vianze kwa robo tatu ya hesabu, kisha mtu anayeijua ladha hiyo aonje na kuongeza. Vitunguu navyo huchukua muda mrefu mara kadhaa kuiva hadi rangi inayotakiwa, na mpishi mwenye haraka atavitoa vikiwa vyeupe, na ladha yote imekwenda. Kwa hiyo jaribio la mwezi mmoja kabla lisiwe la sahani mbili za kuonja ofisini kwake. Omba apike kiasi cha watu thelathini au arobaini, mfanye kuwa mlo wa familia zote mbili. Hapo mtajua ukweli, na wazee watakuwa wameshakutana mara moja zaidi.

Kuhusu vipimo, usikubali kuambiwa "tutatosheleza tu". Ambapo kuna vyakula vingi, mchele mkavu gramu 80 hadi 100 kwa mtu mzima unatosha. Kwa wageni 200 ni kilo 16 hadi 20, na ukiiva unakaribia mara tatu ya uzito huo. Nyama yenye mifupa hesabu gramu 250 mbichi kwa kila mlaji, na kwa kuwa hata wasiotarajiwa huonja, pigia watu 120, yaani kilo 30. Watoto ni nusu. Na punguza aina. Wengi hudhani aina kumi na mbili za chakula zinapunguza kiasi cha kila aina. Kiasi hupungua kidogo tu, kwa sababu kila mgeni anaonja vyote, jumla inapanda, na nusu inarudi jikoni. Aina sita zilizopikwa vizuri zinatosha kabisa, na hapo ndipo mfuko wako unapopona.

Niseme na usalama, maana hakuna kumbukumbu mbaya ya harusi kama watu kuugua matumbo kesho yake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Hatari kubwa ya harusi ni sufuria kubwa iliyopikwa asubuhi ikaachwa imefunikwa "isipoe". Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemka, wengine kwenye nyama na mchuzi, wengine kwenye wali, na sufuria yenye kina inapopoa polepole katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Huo ndio uvuguvugu wanaoupenda. Chakula kipikwe karibu na muda wa kuliwa. Kama lazima kipikwe mapema, kimwagwe kwenye trei zisizo na kina, kipoe haraka, kiingie kwenye baridi, kisha kichemshwe upya kikamilifu. Muulize mpishi swali moja: saa tatu asubuhi ya harusi, wali utakuwa wapi? Jibu lake litakuonyesha kama ni mtu wa kazi.

Usisahau pengo kati ya kufunga ndoa na tafrija. Nyinyi mko kwenye picha, wageni wamekaa ukumbini wanaangalia viti. Wengi hawajala tangu asubuhi. Ndani ya dakika kumi za kuingia, kila mmoja apate kinywaji na tonge moja au mawili ya kushika mkononi: kipande cha mkate chenye kitu juu, tunda lililokatwa, kikombe kidogo cha supu. Hapa ndipo mpishi anaweza kufanya kazi mbele ya watu, akichoma mishikaki au kukata matunda, na watoto wakamzunguka. Watoto wenyewe walishwe mapema, saa kumi na mbili na nusu, wasisubiri hotuba. Na wapiga picha, wapiga muziki na dereva wapangiwe sahani zao kwenye hesabu. Huwa wanasahaulika, na mtu mwenye njaa hapigi picha nzuri.

Tuje kwenye kuagwa.

Kabla ya kelele, tafuteni dakika kumi za faragha. Chumba cha pembeni, nyinyi wawili, wazazi wa pande zote, na babu na bibi kama wapo. Hakuna kamera, hakuna kipaza sauti. Kilio cha mama kitoke pale, na maneno ambayo baba hawezi kuyasema mbele ya watu 200 yasemwe pale. Nimeshuhudia harusi nyingi ambazo dakika hizo hazikupangwa, wazazi wakajikuta wanamuaga binti yao kupitia kioo cha gari huku dereva akipiga honi. Ningekata hotuba mbili nzima kabla ya kukata dakika hizi.

Wakati mko huko ndani, wageni wanapewa kitafunwa cha mwisho wakielekea mlangoni. Kiwe cha moto, cha mkono mmoja, kisichochuruzika: maandazi madogo, viazi vya kukaanga kwenye karatasi iliyokunjwa, mahindi ya kuchoma yaliyokatwa vipande. Mkono wa pili ubaki huru kwa kuwapungia. Kazi ya kitafunwa hiki si kushibisha. Kinawatoa watu kwenye viti bila kuwaamrisha, na kinawaweka nje wakiwa wachangamfu. Kimoja na nusu kwa mtu kinatosha.

Mistari ya kuwaaga nayo ina hesabu. Wageni 200 wakisimama mstari mmoja kila upande, mia kwa mia, kila mtu nusu mita, njia yenu inakuwa mita 50. Ni ndefu mno, wa mwisho hawaoni kitu na furaha inapungua katikati. Wasimame safu mbili kila upande, wafupi na watoto mbele, njia inabaki mita 25 na upana wa mita mbili ili gauni lipite. Mkitembea polepole mkisimama kukumbatia watu, ni dakika mbili hadi tatu.

Nakupa muda huo kwa sababu wengi siku hizi wanataka vijiti vya cheche. Vinapendeza gizani, nakubali. Lakini vile vifupi huzimika kwa chini ya dakika moja, yaani mtakuwa hamjafika nusu ya njia. Na ncha yake inapita nyuzi 1,000 za joto, karibu na shali, nywele zenye mafuta na gauni la kitambaa chepesi. Kama mnavitaka, chukueni virefu, wapewe watu wazima ishirini tu walioko safu ya mbele, watoto wasiguse, na kila mwisho wa mstari kuwe na ndoo ya mchanga ya kuvizimia. Wengine wawashe taa ndogo za betri. Kwenye picha tofauti haionekani.

Taa za karatasi zinazopaa na moto ndani, hizo nakuomba kabisa usizitumie. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2013, taa moja ya namna hiyo iliangukia kiwanda cha kurejeleza taka huko Smethwick, Uingereza, na wazimamoto zaidi ya 200 walipambana na moto wake. Usiku wa kuamkia mwaka 2020 taa kama hizo ziliunguza banda la sokwe kwenye bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani, na wanyama zaidi ya 30 wakafa. Maputo ya kuachia hewani nayo hurudi chini kama taka mahali msipopaona.

Kurusha mchele kuna watu wanakuogofya kwamba ndege wakiula wanapasuka. Si kweli, ndege hula mpunga mashambani kila msimu. Tatizo la mchele ni sakafu: juu ya vigae, kisigino kirefu kinateleza vibaya. Petali mbichi nazo zikikanyagwa zinateleza. Petali zilizokaushwa, au majani makavu yenye harufu nzuri, ni salama zaidi na hunukia yakikanyagwa. Muulize kwanza mwenye ukumbi, maana wengine hutoza usafi.

Lakini ningekuwa wewe, ningetumia kitu ambacho hakinunuliwi: sauti. Upande mmoja wa njia uwe ukoo wako, upande wa pili wa mwenzako. Kila ukoo uchague wimbo mmoja ambao wazee na vijana wote wanaujua, wenu uanze mnapotokea mlangoni, wao wapokee mnapofika katikati. Wape viongozi wa kuimba taarifa wiki mbili kabla, wafanye mazoezi kwa simu. Muziki wa spika uzimwe kabisa hapo. Watu 200 wakiimba bila ala, karibu nanyi kiasi cha kuwagusa, hakuna cheche itakayofikia hapo.

Kama mnahofia wazee na watoto watakuwa wameondoka saa nne, fanyeni kuagwa saa tatu, picha zote zipigwe, kisha mzunguke nyuma mrudi kucheza na waliobaki. Mshereheshaji aseme wazi kwamba maharusi watarudi, ili anayetaka kulala akalale kwa amani.

Na nyinyi wenyewe mle! Maharusi wengi huondoka na njaa kwa sababu kila tonge linakatishwa na salamu. Mpe dada au rafiki mmoja anayeaminika kazi mbili. Ya kwanza, awakalishe mle pamoja dakika kumi na tano chakula kinapoanza, azuie watu. Ya pili, aandae kikapu cha kwenye gari kabla masinia hayajatoka jikoni: vyakula vile vitatu vyenye hadithi kwenye vyombo vya kufunika, vipande viwili vya keki, maji, vijiko, taulo ndogo. Kikapu kikae kwenye friji ya ukumbi hadi mnapoondoka, na mkifika mkipashe moto vizuri.

Kilichobaki jikoni, ambacho hakijatoka mezani na kimetunzwa kikiwa cha moto, kifungwe kwenye vyombo mlivyonunua mapema, wageni wa mbali wachukue kwanza. Kama mnataka kukipeleka kwa wenye uhitaji, zungumzeni nao wiki moja kabla, mjue wanapokea hadi saa ngapi na nani anabeba. Kilichokaa mezani zaidi ya saa 2 kitupwe, hata kama roho inauma. Na haya yote, vyombo, muda, nani anafungasha na nani anatupa, yaandikwe kwenye makubaliano na mpishi kabla hujalipa malipo ya kwanza.